Ngazi na Nenda-Rudi

Mimi ni mtu wa kujisifu na sioni haya. Mteja akikaa kwenye kiti changu, kabla sijamuuliza anataka mtindo gani, namwonyesha ile picha iliyoning'inia juu ya kioo. Ni picha ya kijivu, ina madoadoa meusi yaliyojipanga kushoto na kulia, juu na chini, kwa mistari iliyonyooka. Wengi hudhani ni eksirei ya mgonjwa na huanza kunipa pole. Nawaambia hakuna mgonjwa hapa, hiyo ni kazi ya kitindamimba wangu, na mimi mwenyewe nimo humo. Hapo ndipo wanapogeuka kunitazama vizuri, nami napata nafasi ya kusimulia.

Kazi yangu ni kusuka. Saluni ni chumba cha mbele cha nyumba yangu: viti vitatu, kioo kirefu chenye ufa pembeni, rafu ya taulo, na mlango wa nyuma unaotoka uani kwenye tangi la saruji la maji. Watu wananiita Malkia, na jina hilo sikupewa bure. Kwa miaka mingi nywele zangu ndizo zilikuwa tangazo langu. Zilikuwa nyeusi tii, ndefu, zimeshuka mpaka mabegani, na mwanamke akiziona barabarani alikuwa ananisimamisha aulize nasukwa na nani. Nilikuwa najibu kwamba najisuka mwenyewe, na kwamba nywele ni za kwangu. Hilo la pili lilikuwa na walakini wake, tutalifikia.

Kitindamimba wangu nilimfundisha kusuka angali mdogo. Vidole vyake vilinishinda mapema, nasema ukweli hata kama unaniuma. Akigawa nywele kwa kitana, mstari ulikuwa unanyooka kuliko wa rula. Nilishaanza kumpangia kiti chake, cha karibu na dirisha, lakini yeye akaenda kusomea mambo ya nyuzi za mimea, akaajiriwa kwenye maabara ya taasisi upande wa pili wa mji. Jambo la kwanza alilofanya baada ya kupata kazi lilikuwa kunyoa kichwa chote.

"Zinaanguka kwenye sampuli, mama," alisema.

Binti wa Malkia, kichwa kama yai. Nilinuna mpaka wateja wakaniuliza kama kuna msiba.

Siku moja nilitoka uani kumwaga maji nikamkuta amelala kifudifudi kwenye ukingo wa tangi, mkono mmoja umezama, anavuta taratibu yale manyoya ya kijani yanayoota kwenye kuta. Mwani, aliniambia. Nilikuwa nimeshaweka brashi na sabuni nilisugue tangi siku ileile.

"Mama, usiliguse tangi hili."

"Unataka watu waseme Malkia anaosha wateja kwa maji ya vyura?"

"Waoshe kwa maji ya bomba. Hii ni kazi yangu."

Basi nikawa nabeba ndoo kutoka bombani, mgongo unaniambia habari zake, na mlango wa uani nikaufunga kwa komeo ili mteja asije akachungulia. Kila Jumatatu alikuwa anaondoka na chupa yenye uchafu wa tangi langu, ameikumbatia kifuani.

Ukitaka kuelewa ugomvi uliokuja kutokea, lazima kwanza nikueleze habari ya taulo. Nilimuuliza mwanangu anatafuta nini kwenye ule ute, naye badala ya kujibu akaivamia rafu yangu, akashusha taulo zote nilizokwisha kunja, akazimwaga kwenye kiti.

"Kila mmea umejengwa kwa nyuzi ndogo ambazo jicho haliwezi kuziona," alisema. "Zinaitwa selulosi. Pamba ndiyo hiyo, katani ndiyo hiyo, karatasi ndiyo hiyo, na kijani cha tangi lako ni hiyohiyo. Nyuzi hazikai ovyo. Zinalala sambamba, vichwa vyote vimeelekea upande mmoja, zinashikana ubavu kwa ubavu mpaka zinakuwa kama taulo moja. Halafu taulo linalala juu ya taulo. Mpangilio ukijirudia bila kukosea, hiyo tunaita fuwele."

"Fuwele si zile za kung'aa za kwenye mikufu?"

"Hata chumvi ya jikoni ni fuwele, mama. Tunaangalia mpangilio, si kung'aa."

Akaanza kupanga taulo. Mara ya kwanza kila taulo alilisogeza mbele kidogo kuliko lile la chini yake, na lililofuata akalisogeza tena upande uleule, mpaka rundo zima likawa limeinama kwenda mbele.

"Hizo ni ngazi," nikasema.

Mara ya pili taulo moja lilisogea mbele, la juu yake likarudi nyuma, lililofuata likaenda mbele tena.

"Hizo ni nenda-rudi."

Alicheka. Akasema huko kwao hizo namna mbili zina majina ya herufi za kigeni, lakini ya kwangu yanamkaa mdomoni vizuri zaidi. Nyuzi ni zilezile, taulo ni zilezile, tofauti ni jinsi zilivyopandana tu. Pamba na mimea mingi ya nchi kavu ni nenda-rudi kwa sehemu kubwa. Mwani wa kijani kama wa tangi langu umejaa ngazi.

"Kuna namna ya tatu," alisema, uso umebadilika kidogo kama mtu anayetaja jirani asiyempenda. Akachukua taulo moja akaligeuza miguu juu kichwa chini, akalibana katikati ya mengine. "Hii mmea haujengi. Hii inatokea mtu akiyeyusha selulosi kiwandani akaivuta upya iwe uzi, au akiiloweka kwenye kostiki, ile dawa inayounguza, kali kupita kiasi. Nyuzi nyingine zinatazama juu, nyingine chini. Na ikishageuka hivyo, hairudi tena."

"Kama nywele zilizounguzwa na dawa."

"Kama hizo hasa."

Nilielewa, na nikajiona msomi. Taulo nilizikunja upya mwenyewe.

Sasa ugomvi. Mwanangu anasafisha mwani wake mpaka unakuwa mweupe, anaunyoosha kwenye maji kwa brashi ndogo ya nywele laini, unywele kwa unywele, mpaka zote zimelala upande mmoja. Anazifunga huku na huku ziwe fungu jembamba kama njiti ya kiberiti. Fungu linawekwa kwenye mashine, mionzi inapita katikati, na nyuma yake inatokea picha. Nyuzi zikiwa zimekaa shaghalabaghala picha inatoa pete, kama maji yaliyorushiwa jiwe. Zikiwa zimenyooka inatoa madoa, na kila namna ya kupandana ina madoa yake. Picha zake zilikuwa na madoa makali kama yaliyochomwa kwa sindano. Na kwenye madoa hayo alikuta ngazi nyingi, kama alivyotarajia, pamoja na nenda-rudi zisizo chache, zote ndani ya mwani mmoja. Kwa mwani wa aina ya tangi letu hakuna aliyekuwa amewahi kuonyesha jambo hilo. Alirudi nyumbani siku hiyo akaniinua kutoka sakafuni, mimi na unene wangu.

Furaha ile haikudumu. Mkuu wa maabara, ambaye kwa sababu ya rula anayoibeba kwenye mfuko wa shati nilishampa jina la Rula, aliitazama picha akacheka kidogo. Kwenye meza ya kazi kuna kibonge cha uzi mweupe wa pamba, na watu wote wa maabara ile hufungia sampuli zao kwa uzi huo. Wamezoea. Maisha yao yote wamekuwa wakipima pamba, na ukifunga pamba kwa pamba mashine haioni tofauti. Rula alikiinua kile kibonge akakiweka mbele ya mwanangu.

"Ngazi ni za mwani wako," alimwambia. "Nenda-rudi ni uzi wako. Umepiga picha ya fundo."

Ni kweli alitumia maneno yao ya kigeni, mimi natafsiri.

Kitindamimba wangu alirudi, akakaa kwenye kiti cha mteja, akajizungusha kutazama ukuta.

"Sikufunga kwa uzi, mama. Nilijua uzi utaniharibia. Nailoni nilijaribu, ikateleza. Nilifunga kwa nywele zako."

"Zangu?"

"Zile nyeupe, za kwenye chanuo lako la chumbani. Nywele ya mtu haina selulosi hata chembe. Inashika, haitelezi, na ni nyembamba."

"Umemwambia?"

"Nimemwambia. Amesema nywele ya mama si kifaa cha maabara. Akasema fundo limeshafunguliwa na kutupwa, kwa hiyo hakuna ushahidi. Akasema…" Alivitazama vidole vyake. "Akasema mikono yangu michafu. Huko kazini kwetu hilo likishasemwa mbele ya mkaguzi anayekuja kuhakiki matokeo, basi. Matokeo yanafutwa, na hakuna atakayenipa sampuli nyingine niiguse."

Damu ilinichemka. Mikono ile niliifundisha mimi. Mtu angesema binti yangu ni mvivu ningembishia kidogo tu kwa heshima, maana namjua nani haoshi vyombo vyangu. Lakini mikono michafu? Nilitaka kuvaa viatu niende muda uleule.

Sina budi kumtendea haki Rula. Hakuwa mtu mbaya. Yeye mwenyewe ndiye aliyependekeza kwamba mkaguzi akija, kazi irudiwe mbele yake tangu mwanzo. Kwanza zipigwe picha nywele peke yake, ionekane kama kweli hazina kitu. Kisha mwani ufungwe kwa nywele hizohizo, upigwe picha. Na ili pasiwe na maneno, nywele zikatwe palepale kutoka kichwani, si kuletwa kwenye bahasha. Mwanangu hana nywele. Rula ana kipara. Fundi wa mashine, kijana mpole mwenye sauti ya chini, naye alikuwa amenyoa. Maabara nzima ya nyuzi haina unywele.

"Utakuja, mama?" mwanangu aliniuliza. Halafu akashusha sauti ingawa tulikuwa wawili tu. "Nahitaji zile nyeupe za chini. Nimeshaongea na fundi, atakupeleka chumba cha stoo, ukate mwenyewe, yeye atasimama mlangoni. Hakuna atakayeona."

Sasa ule walakini nimeufikia. Kile kichwa cheusi tii kilikuwa wigi. Nywele zangu zilianza kukatika zamani, dawa zilizimaliza, na zilizobaki zilikuwa fupi na nyeupe pee. Duniani aliyelijua hilo alikuwa kitindamimba wangu peke yake. Alikuwa ameitunza siri hiyo kama yake.

Siku ilipofika nilivaa gauni langu la bluu, nikalitengeneza wigi kwa mafuta na kitana mpaka likang'aa. Taasisi ina korido ndefu yenye sakafu ya kuteleza, na mwanzoni kabisa kuna meza ya mapokezi. Nyuma ya meza, kumbe, amekaa mteja wangu wa miaka mingi, mwanamke mwenye mdomo usiofungwa komeo.

"Malkia! Umekuja kutusuka kazini?"

Kabla sijajibu, mlango ukafunguliwa. Mkaguzi alikuwa mwanamke wa makamo, miwani shingoni kwa mnyororo, anaongea polepole kama anayepima kila neno. Alikuwa pamoja na Rula, na nyuma yao fundi wa mashine ameshika mkasi na kisahani cha kioo. Mwanangu alikuwa ndani, mikono kwenye maji, ananyoosha mwani wake, na kazi hiyo ukiiacha katikati inaharibika.

"Mama, karibu sana," mkaguzi akasema. "Tukate hapahapa, tumalize. Mimi mwenyewe nishuhudie."

Fundi alinitazama, akatazama chini. Alikuwa amepanga kunipeleka stoo, na sasa haikuwezekana tena. Yule mteja wangu, nimwite Mapokezi, ameshasimama ili aone vizuri.

Nisikudanganye kwamba nilibabaika. Nilifikiri haraka sana. Aliyeniuzia wigi aliniapia kwamba ni nailoni tupu, ya ng'ambo, na mwanangu mwenyewe alishaniambia nailoni haina selulosi. Kwa hiyo haina madhara. Uzi ni uzi. Nikainamisha kichwa, nikatenga kishungi kidogo upande wa nyuma, nikasema, "Kata, mwanangu." Mkasi ukalia. Mapokezi akasema nywele zangu hata zikikatwa zinapendeza, nami nikamshukuru.

Walinikalisha maabara, kwenye stuli, karibu na dirisha. Ni chumba kidogo kuliko nilivyodhani. Mashine ina mlango mzito na taa nyekundu juu, meza ina vyupa, beseni, na kile kibonge cha uzi mweupe. Mwanangu alikuwa na mgongo kwangu. Nilimtazama akifanya kazi, na sikuwahi kumwona hivyo. Brashi yake ilikuwa inapita juu ya nyuzi ambazo mimi sizioni, inatoka mwanzo hadi mwisho bila kusita, na kila alipofika mwisho alikuwa anageuza kifundo cha mkono kidogo. Mgeuzo ule ni wangu. Ndivyo ninavyomalizia mstari wa kitana, na mama yangu kabla yangu. Kifua changu kilijaa, na laiti ingewezekana ningeita mtaa mzima uje usimame mlangoni.

Picha ya nywele ilichukua muda wake. Tulikunywa chai. Taa nyekundu ikazimika, fundi akaita, wote wakaenda mbele ya skrini, nami nikafuata.

Kwenye skrini kulikuwa na madoa.

Hayakuwa makali kama ya mwani, yalikuwa yametanuka, lakini yalikuwepo, na hata mimi niliyaona. Rula alitoa rula yake mfukoni, akapima kutoka katikati, akapima tena. Hakufurahi, hilo nakiri. Alionekana amechoka.

"Selulosi," alisema. "Nywele ya mtu imetoa selulosi. Sasa tuseme nini? Kila kinachopita kwenye meza hii kinachafuka."

"Si nenda-rudi," mwanangu akasema. Kwa lugha yao, lakini nilimwelewa. Alikuwa ameisogelea skrini mpaka pua inagusa kioo. "Hii si pamba. Tazama doa la kwanza lilivyosogea ndani. Hii ni ile iliyogeuzwa. Hii imeyeyushwa kiwandani, ikavutwa upya. Hakuna mmea unaotoa hii, na uzi wa mezani hautoi hii."

Mkaguzi alivaa miwani yake. "Ni kweli," alisema baada ya kutazama sana. "Ni ya kiwandani. Lakini imefikaje kwenye nywele za mama yako?"

Mwanangu akageuka. Macho yake yakaja kwangu, yakapanda mpaka kwenye wigi, na nikaona ameshajua. Ilimchukua muda mfupi tu. Yule mwuzaji alinipiga changa la macho: nailoni yake ilikuwa mti ulioyeyushwa. Mwanangu alihitaji kusema sentensi moja tu, nayo ingemwokoa na kuniangusha. Mlangoni mapokezi alikuwa ameegemea, amekuja kuchukua vikombe na hataki kuvichukua.

Kitindamimba wangu aliutupia jicho mlango huo. Kisha akamgeukia mkaguzi.

"Sijui," alisema. "Sina maelezo."

Alisema hivyo akiwa amesimama wima, mikono nyuma, kichwa chake cha yai kimeinuka. Alikuwa tayari kuitwa mchafu wa mikono maisha yake yote kuliko mtu acheke kichwa changu. Mimi nimejivunia mambo mengi, mengine ya kijinga, lakini fahari iliyonipanda pale ilinitoa machozi. Na aibu ikapanda nayo bega kwa bega. Nilijiuliza, Malkia wa nini mimi, kama mwanangu ndiye anayelipia taji?

Nilisimama kutoka kwenye stuli.

"Yeye anajua," nikasema. "Ananistahi tu. Hiyo mashine yenu haikosei, na mwanangu hakosei. Mwenye makosa ni huyu hapa."

Nikachomoa vibanio, kimoja kimoja, nikavipanga mezani. Nikalivua wigi nikaliweka juu ya kile kibonge cha uzi, kikafunikwa chote. Hewa ya chumba ilinipiga utosini, baridi. Mapokezi aliweka mkono mdomoni, na nadhani hiyo ndiyo mara pekee aliyowahi kuufunga.

"Hiyo mliyopiga picha nimeinunua dukani," nikasema. "Mwanangu ameisoma kwenye madoa, bila kuambiwa na mtu, kwamba ni ya kiwandani. Sasa niambieni hiyo ni mikono michafu au macho machafu. Hizi hapa ndizo za kwangu. Ni fupi, ni nyeupe, na si nyingi, kwa hiyo mkate kwa adabu."

Mkaguzi alivua miwani akaifuta, ingawa ilikuwa safi.

"Mama," alisema, "naomba nikate mimi."

Alikata kwa adabu. Rula alishika kisahani. Mwanangu alipita nyuma yangu kwenda kuchukua beseni, na alipopita aliweka kiganja chake chenye maji juu ya utosi wangu mtupu, akakiacha hapo kitambo.

Picha ya nywele zangu ilipotoka, ilikuwa na ukungu tu na vivuli viwili hafifu. Hakukuwa na ngazi, nenda-rudi wala ya tatu. "Hii ni nywele," mkaguzi alisema, na fundi akatabasamu kama aliyepewa zawadi yeye. Kisha mwanangu akaufunga mwani. Alitumia unywele mmoja huku na mmoja huku, na fundo lilikuwa lile tunaloanzia msuko, linalokaza lenyewe ukilivuta. Nilitaka kusema kwamba fundo hilo nalijua, nikajizuia. Siku hiyo nilikuwa nimeshaongea ya kutosha.

Tulisubiri tena. Safari hii hakuna aliyetaka chai. Madoa yalipotokea yalikuwa makali, meusi, yamepangika kwenye mistari yake, na mkaguzi akawa anayataja moja baada ya jingine kwa sauti ya chini. Katikati, alinieleza, namna zote mbili zinafanana, ndiyo maana mtu mvivu hudanganyika kwa urahisi. Tofauti iko kwenye mistari ya juu na ya chini. Doa hili ni la ngazi. Hili la pembeni yake, kama pacha mwembamba, ni la nenda-rudi.

"Ziko pamoja," alisema. "Ndani ya mwani mmoja. Na hakuna pamba hapa."

Rula aliichukua rula yake akapima. Alipima mara ya pili, maana ndivyo alivyo. Kisha akairudisha mfukoni, akamgeukia mwanangu.

"Nilisema neno kuhusu mikono yako," alisema. "Nalifuta, na nalifuta mbele ya mkaguzi, kama nilivyokuwa nimekusudia kulisema mbele yake. Sijapata kuona nyuzi zimenyooshwa hivi." Halafu akanigeukia mimi. "Mama, samahani. Naomba utuachie nywele nyingine kidogo. Tutakitupa kile kibonge."

"Nitawaletea chanuo zima," nikamwambia.

Tulitoka pamoja, mimi na mwanangu, kupitia ile korido ya kuteleza. Wigi nilikuwa nimelibeba mkononi kama kikapu. Pale mapokezi mteja wangu alisimama, akanitazama utosini, akameza mate.

"Malkia," alisema, "na mimi unaweza kunikata hivyo?"

Nilimkata Jumamosi iliyofuata. Siku hizi nusu ya wateja wangu wanakuja kukatwa fupi, na wenye mvi hawataki tena rangi. Komeo la mlango wa uani nimelitoa. Anayetaka kuliona tangi alione, na mwani wake namwonyesha mwenyewe, natia na mkono kuuvuta. Wigi limebaki maabara. Mwanangu anakata vishungi vyake kuwaonyesha wageni jinsi ile namna ya tatu inavyoonekana, kwa hiyo nalo limepata kazi ya heshima.

Ile kazi ilitoka kwa jina lake peke yake, na ndani yake kuna sentensi inayosema kwamba sampuli ilifungwa kwa nywele nyeupe za mama wa mtafiti. Picha ndiyo hiyo juu ya kioo. Wateja wanaisogelea, wanakunja macho, wananiuliza unywele wangu uko wapi humo. Ninawaonyesha madoa ya mwanangu, lile la ngazi na lile la nenda-rudi, kila moja mahali pake, makali kama sindano. Halafu nawaambia unywele wangu ulikuwepo, ulishika kila kitu pamoja, na mkiutafuta hapo hamtauona.